Kabla Lami Haijamwagwa: Ukaguzi wa Mazingira katika Ardhi ya Viwanja vya Ndege

Mhadhara wa wazi uliotolewa Singida mjini



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo mara nyingi huachiwa mabenki na wanasheria, tena katika vikao ambavyo mwananchi hakai. Ni ukaguzi wa mazingira unaofanywa juu ya ardhi ya kiwanja cha ndege kabla ardhi hiyo haijahamia kwa mwingine: kabla haijanunuliwa, haijakodishwa, haijakabidhiwa mkandarasi, wala haijatoka taasisi moja ya serikali kwenda nyingine.

Singida inahusika moja kwa moja. Katika miaka ya 2010, kwa fedha za Benki ya Dunia, serikali ilifanya upembuzi yakinifu na usanifu wa kina wa viwanja 11 vya mikoani: Ziwa Manyara, Musoma, Iringa, Tanga, Songea, Kilwa Masoko, Lindi, Moshi, Njombe, Singida na Simiyu. Baadhi vimekwisha kujengwa upya. Kwa majirani zetu wa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la kiwanja cha Msalato tarehe 30 Oktoba 2022, kwa mkopo ambao sehemu yake kubwa inatoka Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mji wetu uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya mwinuko ni nyepesi, kwa hiyo ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka. Maana yake, kiwanja cha Singida kikikua, kitahitaji barabara ndefu ya kurukia na ardhi kubwa kuliko cha mji wa pwani kinachohudumia ndege zilezile.

Hoja yangu ni moja. Wakati wa kuikagua ardhi ya kiwanja cha ndege ni kabla lami haijamwagwa na kabla saini ya makabidhiano haijawekwa. Kiwanja kikiwa bado ni cha udongo na changarawe, ushahidi wa yaliyotendeka juu yake unapatikana kwa jembe, kwa chupa ya sampuli na kwa kinywa cha mzee anayekumbuka. Lami ikishamwagwa unafunikwa, na mzee akifariki anaondoka na sehemu yake. Bila ushahidi, ile kanuni tuliyoiandika kwenye sheria, kwamba anayechafua ndiye alipe, haina wa kumshika.

Hati safi, udongo mchafu

Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ni sheria nzuri. Inataka mradi mkubwa kama kiwanja cha ndege usianze mpaka ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liipitie. Kanuni za mwaka 2005 zikaeleza hatua za kufuata, na mwaka 2018 zikarekebishwa. Tathmini hiyo hutazama mbele. Inauliza: tukijenga hapa, kelele zitamfikia nani, maji ya mvua yatakwenda wapi, kaya ngapi zitahama? Ukaguzi ninaouzungumzia leo hutazama nyuma. Unauliza: kabla yetu, nani alifanya nini hapa, aliacha nini ardhini, na alichokiacha kimefika wapi?

Sheria hiyohiyo inautambua ukaguzi wa mazingira, lakini tumeuzoea kama ukaguzi wa mradi unaoendelea: kiwanda, mgodi, kituo cha mafuta. Hatujazoea kuufunga kwenye makabidhiano ya ardhi. Mtu akitaka kununua eneo, wakili wake huenda kwa msajili wa hati kufanya upekuzi. Upekuzi utamwambia mmiliki ni nani, kama kuna rehani na kama kuna zuio la mahakama. Hautamwambia kwamba nyuma ya kibanda cha abiria kuna shimo walimofukia mapipa. Kwenye mnada wa ng'ombe hakuna anayelipa kwa kusoma kibali cha mnyama. Atamfumbua mdomo aone meno, atamtembeza aone kama anachechemea. Kwenye ardhi tunasoma kibali, tunalipa.

Wamarekani walijifunza hili kwa machungu. Huko Love Canal, katika jimbo la New York, kampuni ya kemikali ya Hooker ilifukia taka zake kwenye mfereji wa zamani, kisha mwaka 1953 ikaiuzia bodi ya shule ardhi hiyo kwa dola moja. Shule ikajengwa, nyumba zikafuata. Mvua na theluji zikaiinua sumu hadi kwenye vyumba vya chini vya nyumba na kwenye bustani, na mwaka 1978 serikali ikatangaza hali ya dharura na kuanza kuhamisha familia. Mwaka 1980 Bunge lao likapitisha sheria inayoweza kumbana hata mmiliki wa sasa wa ardhi iliyochafuliwa na mwingine, na baadaye likaongeza kinga kwa mnunuzi anayethibitisha kwamba alichunguza vya kutosha kabla ya kununua. Hapo mabenki na wanunuzi wakaamka. Mwaka 1993 ukatoka mwongozo wa kwanza wa kitaalamu unaoeleza uchunguzi huo ufanyweje, na hadi leo, ukirekebishwa mara kwa mara, ndio unaofuatwa na wakaguzi wengi duniani. Uchunguzi ulienea kwa sababu sheria ilimpa mnunuzi faida ya kuuliza. Asiyeuliza alilipa.

Kilichoko pembeni mwa barabara ya kurukia

Wengine mtasema: hayo ni ya Marekani na viwanda vyao, kiwanja kidogo cha mikoani kina nini? Twende tukaone.

La kwanza ni mafuta. Ndege ndogo ya injini ya pistoni, kama zile Cessna za abiria watano ambazo wengi mmeziona, hutumia petroli maalumu ya ndege. Aina inayotumika zaidi duniani ina rangi ya buluu, na bado inatiwa madini ya risasi, ambayo kwenye petroli ya magari tuliyaacha zamani. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni gramu 0.56 kwa kila lita. Kwenye viwanja visivyo na kituo cha mafuta, petroli hiyo hufika kwa mapipa ya lita 200 na kuvutwa kwa pampu ya mkono. Kabla ya kuruka, rubani hufungua kijibomba chini ya bawa, anakinga mafuta kidogo kwenye kikombe cha plastiki, anakiinua kwenye mwanga aone kama kuna maji au uchafu. Hapo anafanya kazi yake sawasawa, kwa sababu maji kwenye mafuta huua. Baada ya hapo ndiyo desturi mbaya ya marubani wa dunia nzima: kile kikombe kinamwagwa chini, na mara nyingi palepale ndege inapoegeshwa siku zote.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme kila mara inamwagwa sehemu moja ya kumi ya lita. Hiyo ni kama gramu 0.056 za risasi. Kwa safari elfu moja ni gramu 56, na petroli yenyewe ni lita 100. Petroli itapaa na upepo wetu wa Singida. Risasi haipai. Hubaki kwenye udongo wa juu, mahali ambapo mtoto akicheza ataigusa, na kuku akichakura ataimeza. Kiasi chenyewe si cha kutisha mji mzima. Ni kiasi cha kutosha kumfanya mkaguzi makini achukue sampuli kwenye maegesho hayo kabla hapajapangiwa kazi nyingine.

La pili ni dawa za wadudu na ndege waharibifu, na hili linaigusa kanda yetu zaidi. Kila mkulima wa mtama na uwele anamjua kwelea kwelea. Kundi la ndege hao linaweza kumaliza shamba kwa siku chache, na njia kubwa ya kupambana nao imekuwa kunyunyizia dawa aina ya fenthioni kutoka angani, jioni, pale wanapolala. Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1962, na ndege za shirika hilo zimefanya kazi hiyo pia. Siku hizi kazi hii kwa upande wa serikali iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Tena mbuga ya Wembere, upande wetu wa mpaka na Tabora, ni moja ya maeneo yanayojulikana kimataifa kuwa mazalio ya nzige wekundu. Nzige wa zamani walipigwa kwa dawa za kizazi cha kwanza kama dieldrini, ambazo dunia imekwisha kuzikataa kwa sababu hukaa kwenye udongo kwa miaka mingi.

Dawa inayotakiwa kuanguka msituni haianzii msituni. Huanzia kwenye pipa, ikachanganywa, ikajazwa kwenye tangi la ndege, na hayo yote hufanyika pembeni mwa uwanja wa kurukia. Pipa hupasuka, mpira huvuja, tangi husuuzwa. Pale ndege ya kunyunyizia ilipokuwa ikijaziwa ndipo mkaguzi anapokwenda kwanza.

Kuhusu ukaidi wa dawa hizi tuna mfano wa nyumbani. Mwaka 1986 shehena ya viuatilifu kutoka Ugiriki, vingine vikiwa vimepitwa na muda, ililetwa kama msaada na kuwekwa Vikuge, Kibaha, mkoa wa Pwani. Vikakaa huko, vikavuja. Shehena ikaondolewa baadaye. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba hata baada ya kusafisha, udongo wa Vikuge ulikuwa bado umechafuka vibaya kwa DDT na jamii yake. Shehena ilikwisha kuondoka. Udongo haukupona nayo.

La tatu ni povu la kuzimia moto. Kiwanja kinapopandishwa daraja lazima kipate magari ya zimamoto, na povu linalozima moto wa mafuta kwa miaka mingi limetengenezwa kwa kemikali za PFAS. Kemikali hizo hazivunjiki zenyewe, huingia kwenye maji ya ardhini na kutembea nayo mbali. Kule Kallinge, kusini mwa Sweden, jeshi la anga lilifanya mazoezi ya zimamoto kwa miaka. Desemba 2013 ikagundulika kwamba chanzo cha maji ya kunywa ya watu wapatao 5,000 kimechafuka, na kikafungwa. Wananchi wakaenda mahakamani. Miaka kumi baadaye, Desemba 2023, Mahakama ya Juu ya Sweden ikaamua kwamba kuwa na kiwango kikubwa cha kemikali hizo kwenye damu, hata kabla ya kuugua, ni madhara mwilini kisheria. Aina moja kuu ya kemikali hizo iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, unaodhibiti kemikali zinazodumu kwa muda mrefu, mwaka 2009, na Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo tangu 2004.

Ya nne nayataja kwa haraka: mapaa ya asbesto kwenye majengo ya zamani, transfoma za zamani zenye mafuta ya sumu, betri zilizotupwa, mashimo ya taka, makaro, na jenereta la dizeli lililovuja miaka na miaka bila kuandikwa popote.

Udongo wetu na maji yetu

Orodha hiyo ingeweza kusomwa Iringa au Songea. Sasa tuseme ya Singida.

Mkoa huu umekaa juu ya mwamba wa kale wa matale. Maji tunayokunywa yanatoka kwenye tabaka la mwamba uliooza na kwenye nyufa zake, na mji wetu unategemea visima virefu. Mvua ni kama milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, tena kwa msimu mmoja. Maji ya ardhini yakichafuka hapa hatuna mto mkubwa wa kukimbilia. Maziwa yetu ya Singidani na Kindai hayana mto unaotoka. Kinachoingia humo hakina mlango wa kutokea, ndiyo maana maji yake ni ya chumvi. Kemikali ikisombwa na mvua hadi ziwani imefika mwisho wa safari yake, pamoja na ndege wa majini wanaokuja kula.

Kuna jambo jingine ambalo mkaguzi mgeni anaweza kulikosea. Maji ya visima vingi vya kanda hii yana floraidi inayozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya watoto wetu yanasema hivyo bila maabara. Floraidi hiyo inatoka kwenye mwamba, hakuna aliyeimwaga. Upande wa Manyoni kuelekea Bahi kuna mashapo ya urani kwenye mbuga, yaliyowekwa na maumbile yenyewe. Kwa hiyo mtu akipima maji karibu na kiwanja akakuta floraidi nyingi, asikimbilie kuishtaki mamlaka ya viwanja. Na kinyume chake ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi: mchafuzi wa kweli akija kubanwa kesho, atasema "maji ya Singida yalikuwa mabaya tangu zamani", na kama hatuna vipimo vya leo, hatutakuwa na la kumjibu.

Vipimo vya leo ndivyo vinavyoitwa hali ya msingi. Vinatenganisha cha mwamba na cha binadamu, na vinatenganisha cha jana na cha kesho. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ardhi ya umma ni mali, na daftari lake la mazingira bado ni jeupe.

Kazi yenyewe inavyofanywa

Ukaguzi mzuri huanza bila kuchimba hata shimo moja. Hatua ya kwanza ni karatasi, maneno na miguu.

Karatasi ni faili za ujenzi, mikataba ya upangishaji, kumbukumbu za mafuta na za operesheni za kunyunyizia dawa, ramani za upimaji na picha za anga. Picha za satelaiti za Landsat zipo tangu mwaka 1972 na hazilipiwi. Ukizipanga mwaka kwa mwaka unaona eneo likifyekwa na mji ukisogea.

Lakini faili zetu zina mapengo, na hapo ndipo wazee wanapochukua nafasi ya masjala. Mkaguzi anayeujua mkoa hatamwuliza mzee mwaka gani. Atamwuliza ilikuwa kabla au baada ya Operesheni Vijiji, wakati wa vita vya Kagera, au mwaka wa mvua za Elninyo. Kwa mfano, mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu ukae."

"Babu, nimeambiwa uliwahi kulinda hapa kiwanjani. Ndege zilizokuwa zinapiga kwelea zilikuwa zinasimama wapi?"

"Si pale kwenye mgunga? Pale penye kivuli. Vijana walikuwa wanashusha mapipa, wanachanganya, wanajaza. Wakimaliza wanasuuza."

"Maji ya kusuuzia yalikuwa yanakwenda wapi?"

"Yangekwenda wapi? Hapohapo. Mbuzi wangu mmoja alikunywa, hakulala."

"Na mapipa matupu?"

"Eh, hayo yaligombaniwa. Pipa zuri la maji utaliacha?"

Majibu matatu, na mkaguzi amepata sehemu ya kuchukua sampuli, amepata njia ya sumu, na amejua kwamba sehemu ya uchafu ilitoka kiwanjani ikiwa kichwani mwa mtu kwenda kuwa chombo cha maji nyumbani. Hakuna faili linaloandika hivyo. Ndiyo maana wazee hawa wahojiwe mmoja mmoja, wasiwekwe maneno mdomoni, na maneno yao yaandikwe na kusomwa mbele yao.

Kisha miguu. Mkaguzi anazunguka mpaka wote, halafu anakata katikati. Anatafuta mahali nyasi hazioti wakati pembeni zimeota, udongo uliobadilika rangi, harufu ya mafuta baada ya mvua, ardhi iliyotitia kama kaburi la zamani, bomba linalochomoza bila sababu. Anaangalia mteremko: maji yakitoka hapa yanakwenda kwa nani? Anatoka nje ya uzio na kuhesabu visima vya majirani.

Karatasi, maneno na miguu vikionyesha dalili, ndipo inakuja hatua ya pili: sampuli. Udongo wa juu na wa chini huchukuliwa kwa tofauti, na sampuli nyingine huchukuliwa mahali pasipo na shaka, upande upepo unakotoka, ili iwe ya kulinganishia. Sampuli za dawa za wadudu huwekwa kwenye chupa za kioo cha kahawia na kutunzwa kwenye barafu. Za PFAS zina miiko yake: anayechukua asivae koti lisilopitisha maji wala asitumie vifaa vya tefloni, kwa sababu vitu hivyo vinaweza kuwa na kemikali ileile anayoitafuta. Kila chupa ina lebo, saa, mahali na saini za kila aliyeipokea mpaka inafika maabara, iwe ya Mkemia Mkuu wa Serikali au nyingine yenye ithibati. Mnyororo wa saini ukikatika, mahakamani matokeo yatakuwa porojo.

Hatua ya tatu, kusafisha, huja pale tu panapohitajika. Viwanja vingine vitaishia hatua ya kwanza, na hilo nalo ni jibu lenye thamani: cheti cha kwamba siku tulipokabidhi, hapakuwa na kitu.

Makabidhiano ndipo panapovuja

Viwanja vyetu vimepita mikono mingi. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, TAA, iliundwa mwaka 1999 ikapokea viwanja vilivyokuwa chini ya idara ya serikali. Kuna wakati ujenzi wa viwanja ulihamishiwa wakala wa barabara, TANROADS. Uendeshaji wa kiwanja cha Kilimanjaro ulikabidhiwa kampuni ya KADCO mwaka 1998, baadaye serikali ikachukua hisa zote. Huwa tunakabidhiana majengo, magari, madeni na watumishi, na kila kimoja kina orodha. Udongo nao unastahili orodha yake.

Mtasema: ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, sasa serikali ikiikabidhi serikali kuna haja gani? Haja ipo mara tatu. Kwanza, mkandarasi akichimba akakuta uchafu usiotajwa kwenye mkataba, atasimamisha kazi na kudai fedha za ziada, na zitatoka kwenye kodi zetu. Pili, mkopeshaji wa kimataifa ana masharti yake ya mazingira, na ni nafuu kuyajua matatizo yako mwenyewe kuliko kuonyeshwa na mgeni. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda hadi Tanga linapita mkoani humu, na wenye mashamba njiani wamekwisha kuona jinsi wafadhili wanavyotaka kila kitu kiandikwe. Tatu, ardhi ya kiwanja haibaki kiwanja milele. Mji hukua, kiwanja huhamia nje, na eneo la zamani huwa kishawishi kikubwa cha kugawa viwanja vya makazi. Dodoma ilikuwa kituo cha ndege za Imperial Airways katika safari za kwenda kusini mwa Afrika tangu mwaka 1932. Mji wenye historia ndefu namna hiyo ya mafuta ya ndege hauwezi kugawa ardhi ya kiwanja cha zamani kwa ramani ya mipango miji peke yake.

Wanaochelewa kuuliza hulipa kwa miili yao. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia risasi kwenye udongo na damu za watu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ikapanda rufaa, na ni Desemba 2024 tu ambapo Mahakama ya Juu ilisimama na wananchi. Walishinda kwa sababu walikuwa na vipimo vya damu na udongo. Lakini hesabuni miaka iliyopita, na watoto waliokua ndani ya miaka hiyo.

Ninachopendekeza

Najua pingamizi la kwanza ni gharama, na la pili ni kuchelewesha mradi. Hatua ya kwanza ya ukaguzi ni kazi ya watu wachache kwa wiki chache, na inaweza kwenda sambamba na usanifu. Kinachochelewesha mradi ni pipa lililofukuliwa na greda wakati mkandarasi yuko kazini na mita ya gharama inasoma.

Kwa madiwani: kabla ya kuridhia upanuzi wowote wa kiwanja cha Singida, au wa kiwanja chochote kidogo cha wilayani, ombeni ripoti ya ukaguzi unaotazama nyuma, tofauti na tathmini ya athari. Ombeni muhtasari wake kwa Kiswahili ubandikwe ofisi ya kata. Ripoti ya Kiingereza iliyofungiwa kabatini Dar es Salaam haimlindi mtu wa Singida.

Kwa wanaoandika mikataba: vipimo vya hali ya msingi viwe kiambatisho cha makabidhiano, kisainiwe na anayetoa na anayepokea. Siku ya kuondoka vipimwe upya. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo ankara ya mchafuzi.

Kwa waendeshaji wa viwanja: wekeni dumu lenye mfuniko kwenye maegesho, mafuta ya kikombe cha rubani yamwagwe humo. Tengeni sakafu moja ya zege yenye kingo kwa ajili ya kuchanganyia dawa ya kwelea, pasitumike pengine. Na siku gari la zimamoto litakaponunuliwa, nunueni povu lisilo na PFAS tangu mwanzo. Lipo sokoni, na hakuna usafishaji ulio nafuu kuliko kutochafua. Hapa udogo wa kiwanja chetu ni bahati, kwa sababu makosa ya viwanja vikubwa vya dunia bado hatujalazimika kuyafanya.

Kwa vijana wa sekondari na vyuo mliopo hapa: hamhitaji kibali cha mtu kuwasikiliza babu zenu. Kachukueni daftari, waulizeni walinzi wa zamani, wapakia mizigo, madereva, wachunga mbuzi: nini kilishushwa wapi, wakati gani, na kilikwendaje. Andikeni, waamkieni, warudieni mkiwa na swali la pili. Siku mkaguzi atakapokuja, mkabidhini nakala, nakala nyingine ibaki kwa mtendaji wa kata, na ya tatu ibaki kwenu.

Sasa maswali, na ningependa tuanze na wazee.